Uhaba ndio mtaji wa Oktoberfest

Mwaka 2025, lita moja ya bia kwenye tamasha la Oktoberfest mjini Munich iliuzwa kati ya euro 14.50 na 15.80. Mwaka 2010 bei ilikuwa haijafika euro 9. Pamoja na hayo, wageni hawakukimbia: mwaka 2023 walifika takriban milioni 7.2, rekodi mpya. Na haya yanatokea huku Wajerumani wenyewe wakizidi kupunguza unywaji na viwanda vyao vikilia na mauzo yanayoshuka. Bidhaa inayodorora madukani inapandaje bei uwanjani bila kukosa wanunuzi? Wengi hujibu kwamba ni mila. Lakini mila peke yake haipangi bei. Munich inauza uhaba, na uhaba huo umetengenezwa kwa kanuni.

Asili ya tamasha hili inathibitisha kwamba bia haikuwa kiini chake. Oktoba 1810, mwanamfalme Ludwig wa Bavaria alimwoa Therese wa Saxe-Hildburghausen, na sherehe zikahitimishwa kwa mbio za farasi katika uwanja uliopewa jina la bibi harusi, Theresienwiese. Bavaria ilikuwa imepata hadhi ya ufalme mwaka 1806 tu, na shughuli ya kuwakutanisha raia wake iliifaa. Mwaka 1811 yakaongezwa maonyesho ya kilimo. Tamasha la Cannstatt, karibu na Stuttgart, nalo lilianzishwa na Mfalme Wilhelm I wa Württemberg mwaka 1818, baada ya njaa, ili kuwatia moyo wakulima. Bia ilikuwa na uhaba wake wa asili: kanuni ya Bavaria ya mwaka 1539 ilikataza kuipika kuanzia Aprili 23 hadi Septemba 29, kwa kuwa joto liliiharibu. Mashine za kupoza za Carl von Linde ziliondoa kikwazo hicho katika miaka ya 1870. Tangu hapo bia ingeweza kupikwa msimu wowote, na aliyetaka iendelee kuwa adimu ilimbidi atafute njia nyingine.

Njia hiyo ni ardhi na mipaka. Jiji la Munich, linaloendesha tamasha tangu 1819, huruhusu bia ya viwanda vya ndani ya jiji pekee, na vilivyoruhusiwa ni sita: Augustiner, Hacker-Pschorr, Hofbräu, Löwenbräu, Paulaner na Spaten. Siku zenyewe ni chache, kwa kawaida 16 hadi 18. Hata Luitpold wa Bavaria, mzao wa Ludwig yuleyule aliyefunga ndoa mwaka 1810, alipigania nafasi akashindwa, kwa kuwa bia yake inatoka Kaltenberg, nje ya jiji.

Wapinzani wana hoja: huu ni ukiritimba uliovishwa joho la utamaduni. Spaten na Löwenbräu ni mali ya AB InBev ya Ubelgiji, na Heineken ina hisa katika kundi la Paulaner. Sasa kinacholindwa ni uzalendo gani? Hoja hiyo inasahau kwamba kanuni inafunga mahali, haimfungi mmiliki. Paulaner ilipohama eneo lake la zamani la Nockherberg, ilijenga kiwanda kipya Langwied, pembezoni lakini ndani ya mipaka ya jiji. Mwekezaji wa nje anaweza kununua chapa, ila akitaka kuuza uwanjani hawezi kuhamishia mitambo kwenye ardhi ya bei rahisi. Ajira na kodi hubaki Munich. Mnywaji naye, anayelalamikia bei, halipi kiingilio, na fedha za wageni huenea hotelini, kwenye teksi na madukani. Kwa mwaka 2019 jiji lilikadiria thamani ya tamasha kuwa zaidi ya euro bilioni 1.2.

Kanuni inakovuja ni kwingine. Kiwanda kidogo cha Giesinger kinatengeneza bia ndani ya Munich, na kimechimba kisima kirefu ili maji yake yakidhi masharti ya bia ya jiji. Bado kiko nje ya orodha ya sita. Kama kigezo ni mahali, aliyekitimiza hana sababu ya kuzuiwa. Wateja hukubali kulipia uhaba wanaouona una mantiki. Ukionekana kuwa wa kuwalinda wakongwe tu, kila ongezeko la bei litakuwa gumu kulitetea, na viwanda hivyo sita vitakuwa vimejidhuru vyenyewe.