Kununua Farasi Bila Kuuziwa Mbuzi Kwenye Gunia

Farasi mwenye kasoro anaweza kuonekana mzima kwa siku moja, na siku hiyo hutosha kumuuza. Nchini Uingereza, wauzaji wasio waaminifu hutegemea hasa dawa za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuondoa maumivu, kama fenilibutazoni, ambayo humfanya farasi anayechechemea atembee sawasawa. Ya pili ni ya kutuliza, kama asepromazini, ambayo humpoza farasi mkorofi. Aliyepewa dawa hiyo huinamisha kichwa, kope humlegea, na dume huweza kuacha uume ukining'inia.

Mnunuzi amkute farasi bandani kabla hajatandikwa, aone anavyokamatwa na kupandwa. Akimkuta na jasho, huenda amechoshwa makusudi ili atulie. Ni vyema aende tena siku nyingine bila taarifa.

Kisha farasi apimwe na daktari wa mifugo aliyechaguliwa na mnunuzi mwenyewe. Uchunguzi kamili una hatua 5. Mara nyingi mguu hukunjwa kwa takriban dakika 1, halafu farasi hukimbizwa papo hapo; akichechemea, kiungo hicho huchunguzwa zaidi. Damu huchukuliwa na kuhifadhiwa kwa miezi 6, ipimwe endapo shaka itazuka baadaye.

Namba ya chipu iliyo shingoni nayo ilingane na ya pasipoti ya farasi. Muuzaji anayekataa damu ichukuliwe aachiwe farasi wake.