Sensa Iliyoandikwa Kwenye Tope

Msomaji mmoja wa Mwanza ameniletea swali ambalo nilikuwa nalingoja tangu matokeo ya sensa ya 2022 yatangazwe. Anasema kila akishuka Mwaloni Kirumba kununua dagaa hukuta watu wanabishana kwa nini maji ya ziwa yamekuwa ya kijani. Wazee wanamtia hatiani sangara, vijana wanataja viwanda. Yeye anauliza: hivi haiwezekani kuwa ni wingi wetu tu?

Inawezekana, tena sana. Kanda ya Ziwa ina sensa nyingine ambayo haikuhitaji karani wala kishikwambi. Iko chini ya maji, kwenye tope, na imekuwa ikiandikwa tangu ziwa lilipojaa upya miaka kama 15,000 iliyopita. (Ndiyo, Ziwa Victoria liliwahi kukauka. Hiyo ni makala nyingine.)

Hesabu za vichwa nitazipita mbio, kwa kuwa kila mtu anazo. Mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3. Mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923, na miaka kumi baadaye 61,741,120. Matokeo hayo yalipotangazwa Dodoma zilipita wiki mbili tu, Umoja wa Mataifa nao ukasema dunia imefikisha watu bilioni nane. Bonde la Ziwa Victoria, linaloanzia milima ya Rwanda na Burundi na kupokea maji ya Kagera, Mara, Nzoia na mito mingine, lina zaidi ya watu milioni 40. Malthus na majibizano yake mliyasoma shuleni, nami sina hamu ya kuyarudia. Tushuke chini ya maji.

Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walikwenda mbali na ufukwe, kwenye kina kirefu, wakashusha mrija hadi sakafuni na kupandisha mche wa tope. Miaka michache baadaye, mwaka 2002, Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, na wenzake walichapisha walichokisoma ndani yake. Kazi ilikuwa kuukata mche ule vipande vyembamba, kila kipande na mwaka wake.

Mwaka unajulikanaje? Kwa risasi. Si ya bunduki, ni madini ya risasi, ya aina iitwayo risasi-210. Miamba ina urani kidogo, na urani hiyo ikichakaa polepole huzaa gesi ya radoni. Radoni hutoka ardhini, hupanda hewani, nayo huchakaa, na mbele katika mnyororo huo kunapatikana risasi-210, inayoshuka na mvua na vumbi, ikanasa kwenye chembe za tope na kuzama nazo. Kila miaka 22 ikipita, nusu yake inakuwa imetoweka. Ukipima kilichobaki katika kipande unajua kililala sakafuni lini, kurudi nyuma karne moja na zaidi kidogo.

Vipande vya chini ni vya utulivu. Kisha, kuanzia miaka ya 1930, mabaki ya mwani yanaanza kuongezeka, na mpando huo unakwenda bega kwa bega na ongezeko la watu na mashamba katika bonde. Tazama tarehe hiyo. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya Mwanza ikafika mwaka 1928. Pamba ilikuwa inaenea Usukumani, kahawa Bukoba, misitu inafyekwa, majembe yanapanda vilimani. Sangara wakati huo bado alikuwa zake huko Albert na Turkana. Victoria aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hakutawala ziwa hadi miaka ya 1980. Kwa shtaka hili basi wazee wa Mwaloni wamwachie huru, ingawa ana kesi nyingine za kujibu.

Watu wakiwa wengi wanaacha nini majini? Mambo mengi, lakini linaloliendesha ziwa ni fosforasi. Inashuka na udongo wa mashamba yasiyo na matuta, na majitaka ya Mto Mirongo unaokatiza katikati ya Mwanza, na mfereji wa Nakivubo unaotoka Kampala. Sehemu kubwa nyingine inatoka angani. Ziwa hili ni pana mno, kilomita za mraba karibu 69,000, kiasi kwamba takriban asilimia 80 ya maji yake huletwa na mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Moshi wa mashamba yanayochomwa, wa kuni na mkaa, na vumbi la ardhi iliyobaki uchi, vyote vinaoshwa na mvua hiyo na kutumbukizwa ziwani bila kupitia mto wowote. Mama anayepika Geita kwa kuni za mafiga matatu anatuma fosforasi yake kwa njia ya mawingu.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo: kwenye diatomu.

Diatomu ni mwani wa chembe moja, mdogo usioonekana kwa macho, anayeishi ndani ya kioo. Kioo kweli, silika, ambayo huinyonya ikiwa imeyeyuka majini baada ya mvua na udongo kuitafuna miamba kwa muda mrefu, granaiti kama ile ya majabali ya Mwanza ikiwemo. Gamba lake lina vipande viwili, kimoja kikikifunika kingine, na kwenye hadubini unaona vitundu vimepangwa safu kwa safu kwa unadhifu ambao hakuna fundi wa nakshi wa Lamu angeukataa. Ukitaka kuwashika kwa mkono nenda Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, kwenye machimbo ya jiwe jeupe, jepesi ajabu. Bonge kubwa unaliinua kwa mkono mmoja. Jiwe zima ni magamba ya diatomu wa ziwa la kale.

Ili uelewe kilichotokea Victoria, chukulia ziwa ni kibanda cha mama lishe. Wali ni fosforasi, sahani ni silika, wateja ni mwani. Diatomu ni wateja wastaarabu, hawali bila sahani. Zamani wali ulikuwa wa kupima, sahani zikazidi wateja. Mtu akimaliza, sahani yake inasuuzwa, inarudi mezani. Chache zilizopotea zilifidiwa na mito, ambayo huleta sahani mpya kidogo kidogo kila mwaka kutoka kwenye miamba.

Halafu wali ukaanza kuongezeka. Sufuria la pili, la tatu. Wateja wakafurika, na wateja hawa wana tabia moja mbaya: wakiondoka huondoka na sahani. Diatomu akifa huzama na kioo chake, na kabla kioo hakijayeyuka na kurudi majini, tope na maiti wengine wameshamfunika. Kibandani hakuna aliyeshtuka. Biashara imechangamka, benchi zimejaa, nani ahesabu sahani? Mito ikaendelea na mwendo wake ule ule wa siku zote. Mvua, ambayo ndiyo mletaji mkuu wa maji, haileti sahani hata moja, maana maji ya mvua hayajagusa mwamba. Mambo yakaenda hivyo kwa nusu karne.

Sahani zilipoanza kuadimika, wateja wa sahani nzito ndio waliokosa kwanza. Hao ni Aulacoseira, diatomu wanene wa minyororo waliolitawala ziwa enzi za babu zetu. Nafasi yao ikachukuliwa na Nitzschia, wembamba, wanaoridhika na kisosi cha chai. Mwishowe mama lishe anapeleka mkono kabatini, anakuta patupu. Wali upo, tele, unafuka mvuke, lakini wastaarabu wamesimama mlangoni. Wanaoingia ni wale wanaokinga kiganja, tena baadhi yao wamekuja na mboga mfukoni.

Hao wa kiganja ni sayanobakteria, ule utando wa kijani unaouona ukitanda kama rangi ya mlango iliyomwagika. Kioo si shida yao. Mboga ya mfukoni ni nitrojeni: wengine wao wanajua kuichota hewani, kitu ambacho diatomu hawezi. Tope linaonyesha wametawala tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na Verschuren na wenzake waliliweka jambo hili wazi, kwamba ni matokeo ya miaka 50 ya diatomu kustawi kupita kiasi na kuzikwa na silika yao. Vipimo vya majini vinasema hivyo hivyo. Mwingereza Jack Talling alipima silika ya Victoria mwaka 1960 na 1961. Timu ya Robert Hecky wa Kanada ilipopima tena miaka thelathini baadaye, ilikuta imeshuka takriban mara kumi.

Ninachokipenda katika hadithi hii ni kwamba hakuna aliyechukua silika ya ziwa. Hatuchimbi, hatuli, hatuiuzi. Tumeliongezea ziwa kitu kimoja, nalo likapungukiwa na kingine kabisa, tusichokuwa na habari nacho.

Nimeona wanaouita mchakato huu kwa Kiswahili "urutubishaji wa maji", na jina hilo linanikera. Kurutubisha ni sifa. Hakuna mkulima anayeambiwa shamba lake limerutubishwa akasikitika. Mimi nasema ziwa limevimbiwa. Mhariri wangu anaona hilo ni neno la sebuleni, lakini aliyevimbiwa ni nani, kama si yule aliyekula chakula kizuri, kikapita kiasi, na sasa anahema kwa shida? Ziwa linahema kwa shida hasa. Mwani wote huo ukifa unazama na kuoza, na uozo unakula oksijeni ya chini. Tope linaonyesha oksijeni ya kina kirefu ilianza kupotea mwanzoni mwa miaka ya 1960. Furu, samaki wadogo waliokuwa na spishi mia tano hivi humu, waliporomoka miaka ya 1980 wakiwa kati ya mawili: juu kuna mdomo wa sangara, chini hakuna hewa.

Mmoja wao ni jamaa yetu. Anaitwa Pundamilia nyererei, na hilo jina la pili alipewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu. Anaishi kwenye miamba ya visiwa vya Ghuba ya Mwanza, na dume lake lina mgongo mwekundu. Ndugu yake wa jirani, Pundamilia pundamilia, dume lake lina rangi ya samawati. Majike wa aina zote mbili wanafanana, na humchagua mume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa pale maji yalipochafuka rangi za madume zinafifia, na mipaka ya spishi inafutika. Maji yenye ukungu wa mwani humeza mwanga wa samawati kwanza, unabaki ule wa manjano na wekundu hafifu, na katika mwanga huo jike hawezi tena kumtofautisha bwana na shemeji. Wanazaana, na spishi mbili zinarudi kuwa moja. Hapo nyererei anapotea bila ya kuvuliwa na mtu.

Najua nitaandikiwa kwamba tatizo si idadi bali namna watu wanavyoishi, kwamba familia moja ya Marekani inatumia vitu kuliko ukoo mzima wa Sengerema, na kwamba joto na upepo navyo vimelibadilisha ziwa. Sawa, yote yamo. Lakini fosforasi ya Victoria haikutoka Marekani.

Marekani kwenyewe, hata hivyo, ndiko hadithi ya sahani ilikoandikwa kwanza. Mwaka 1971 Claire Schelske na Eugene Stoermer walitabiri kuwa silika ya Ziwa Michigan itamalizwa kwa njia hii hii. Stoermer, mtu aliyeshinda hadubini yake ikiwa juu ya diatomu, ndiye pia aliyekuja kubuni jina Antroposini, la zama ambazo binadamu ndiye nguvu kuu ya dunia. Sishangai kwamba lilitoka kwake na si kwa mchunguzi wa tembo.

Mwaka uliofuata, 1972, Marekani na Kanada zilitiliana saini mkataba wa kusafisha Maziwa Makuu yao. Fosforasi ikapunguzwa kwenye sabuni na kwenye majitaka, na Ziwa Erie likapata nafuu kubwa. Halikupona kabisa: mwaka 2014 watu wapatao nusu milioni wa Toledo, Ohio, waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya sayanobakteria. Na Erie lilikuwa na bahati ambayo Victoria halina. Maji yake hubadilika yote kwa chini ya miaka mitatu. Victoria lina tundu moja la kutokea, Jinja, na kwa mtiririko wa pale maji ya ziwa zima yangehitaji zaidi ya miaka mia kutoka. Tena pale sakafuni oksijeni inapokosekana, tope huiachia fosforasi iliyokuwa imenaswa, ikarudi juu kulisha mwani upya.

Kampala haikukaa kungoja. Jiji hilo linamwaga maji ya Nakivubo kwenye Ghuba ya Murchison na kuchota ya kunywa Ggaba, kwenye ghuba hiyo hiyo. Kadiri maji ya ghuba yalivyozidi kuwa mazito, ndivyo dawa za kuyasafisha zilivyozidi kuongezwa. Mtambo mpya umejengwa Katosi, mashariki zaidi, nje ya ghuba, ambako maji bado yana nafuu.