Mugonjwa wa kansere ya damu hahitaji dawa peke yake

Sisi wa sendika tumezoea kuhesabu vifo vya mugodi: ukuta umeanguka, lori imepinduka, umeme umekamata mutu. Kuna ugonjwa ambao hauingii katika hesabu hiyo, ni kansere ya damu, ile waganga wanaita lesemi. Iko ya polepole, iko na ya mbiyo. Leo tunasema juu ya ile ya mbiyo. Mwezi huu mutu iko kazini, mwezi ujao hawezi tena kupanda ngazi.

Damu inatengenezwa katika uboho, yale mafuta ya ndani ya mifupa. Katika lesemi ya mbiyo, uboho unatoa chembe nyeupe ambazo hazijakomaa, zinajaa na kunyima zingine nafasi. Chembe nyekundu zikipunguka, mutu anachoka na moyo unapiga mbiyo. Zile za kugandisha damu zikipunguka, damu inatoka puani na kwenye ufizi. Chembe nyeupe nzima zikikosa, homa inarudi kila mara.

Kwetu homa na uchovu vinaitwa malaria. Mutu anakunywa dawa mara mbili, mara tatu, na wiki zinapita. Kwa hiyo tunaomba dispansere za kampuni: homa ikirudi kisha dawa, na mutu amepauka ao anatoka damu, apimwe hesabu ya chembe za damu. Ni kipimo cha kawaida. Kikionyesha shaka, ndipo uboho wenyewe utapimwa.

Ugonjwa ukijulikana, maisha yanageuka. Kemoterapi inaomba wiki nyingi hospitali, kisha miezi, na kwa aina moja ya lesemi hata miaka 2 ao 3. Nywele zinaanguka, kinywa kinatoka vidonda, chakula kinapoteza ladha. Katika inchi tajiri watoto wengi wanapona. Kwa mutu mukubwa ni vigumu zaidi. Kwetu dawa ni ghali. Wenye feza wanavuka Kasumbalesa mupaka Lusaka, ambako hospitali ya kansere ilifunguliwa mwaka 2007, ao wanaenda Afrika ya Kusini na India. Wengi wanabaki. Yule anayebaki, anaishi namna gani?

Damu, homa na maumivu

Kitu cha kwanza ni damu. Mufuko mumoja unaweza kumufanya mutu aliyeshindwa kufika chooni aketi tena mezani na watoto wake kwa siku kadhaa. Lakini mara ya kwanza ndugu wanakuja wengi. Mara ya tano simu haijibiwi. Mwanaume muzima anaweza kutoa damu kila miezi 3, mwanamuke kila miezi 4. Kikosi kimoja cha kazi kikijipanga kwa zamu, jamaa ya mugonjwa haitalala tena na wasiwasi huo.

Kitu cha pili ni homa. Kwa mugonjwa huyu homa haingoje asubuhi, apelekwe hospitali usiku uleule. Wageni wanawe mikono, mwenye kukohoa abaki kwake, maji yachemushwe. Na hapa tuseme wazi: lavema, kuchanjwa na wembe, sindano za matakoni, aspirini, vyote hivyo vinaweza kuleta damu isiyokatika ao maambukizo. Wazee wetu wanavifanya kwa upendo, lakini kwa ugonjwa huu vinaua.

Kitu cha tatu ni maumivu. Mifupa inauma sana, na kumuambia mutu avumilie si matunzo. Morfini iko, ya kunywa, na munganga anaweza kuiandika. Hata pale hakuna tena dawa ya kuponyesha, kazi ya kutunza inaendelea.

Kisha kuna maneno ya kartye. Wengine wanasema amelogwa, wengine wanamutengea sahani yake. Lesemi haiambukizi. Mugonjwa anayekula peke yake kwenye kona anaumwa mara mbili, na muke wake, aliyeacha meza yake sokoni ili amutunze, naye anakwisha polepole.

Mushahara nao ni matibabu

Mwenzetu mumoja, dereva wa lori katika kampuni iliyochukua kazi ya kampuni ingine, kontra yake iliisha akiwa kitandani. Haikurudishwa. Karte yake ya matibabu ilikufa siku hiyohiyo, na watoto wakatoka shuleni. Tulichanga, lakini michango haifike mwaka.

Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamupa mwajiri deni la kutunza mufanyakazi na jamaa yake. Wakati wa ugonjwa, kontra inasimamishwa tu, na mufanyakazi anapata theluthi mbili za mushahara. Lakini kisha miezi 6 mufululizo bila kazi, mwajiri anaweza kuivunja. Miezi 6! Kwa wengi, kemoterapi bado inaendelea. Kwa hiyo katika mapatano yajayo, delege wote waombe muda murefu zaidi kwa wagonjwa wa kansere, kazi nyepesi kwa anayerudi, na ulinzi uleule kwa wale wa kampuni ndogo.

Waombe pia esansi isioshe tena vyuma mikononi, na mutu asiinyonye tena kwa mupira. Ndani yake muko benzene, inayojulikana kuwa inaleta lesemi. Si kila mugonjwa ameipata hivyo. Lakini delege aandike nani ameshika nini, na kwa miaka mingapi. Bila karatasi hiyo, hakuna namna ya kudai mbele ya CNSS kwamba ni ugonjwa wa kazi.

Kuanzia juma hili, kila delege aandike kundi la damu la watu wa kikosi chake na namba zao za simu. Orodha hiyo haiombi feza, na mutu anaweza kuihitaji usiku wa leo.