Tumeshinda, Wamepoteza: Mbona Fainali ya Basketi Huuma Hivi, na Ufanye Nini Ikikulima

Kwanza, pole. Kama timu yako imefika fainali ya basketi halafu ikaangushwa, hii story ni yako, iwe ni juzi ama ni miaka kumi imepita na bado hutaki kuguswa hapo.

Hapa Tassia unajua vile hukuwa. Mechi za NBA zinaanza saa tisa usiku. Bando imekula doo ya lunch. Sauti umeweka chini kabisa, juu ukuta wa ploti ni mwembamba na jirani anaamka saa kumi na moja kutafuta mat. Hiyo si usiku moja, ni wiki mbili mzima. Halafu wale wengine ndio wanainua kombe. Asubuhi uko stage, macho nyekundu, na hakuna msee hapo anajua uko kwa matanga. Wengi wao wanajua Gor na Arsenal, basi.

Hiyo uchungu iko na maelezo, na ukiielewa inabebeka.

Msururu hauna mahali pa kujificha

Fainali ya kombe la futaa ni dakika 90. Ukipoteza, unalaumu refa, unalaumu mvua, unalaumu penalti, na maisha yanasonga. NBA ni tofauti. Fainali ni mechi hadi saba, wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa. Hapa kwetu, fainali ya ligi ya KBF huwa ni mechi hadi tano, wa kwanza kushinda tatu. Refa anaweza kukunyima mechi moja. Kukunyima nne ni ngumu. Ndio maana ukipoteza msururu unahisi kama umeambiwa ukweli mbele ya watu.

Lakini piga hesabu kidogo kabla ujidharau. Chukua timu mbili. Moja ni kali kiasi, ikicheza na nyingine mara 10 inashinda 6. Ukiwapanga kwa msururu wa mechi saba, hiyo kali itabeba karibu mara 71 kati ya 100. Ile nyingine inabaki na karibu 29. Si kidogo. Kwa hivyo msururu hupunguza bahati, haumalizi bahati. Mshindi mara nyingi ndiye mkali, lakini aliyepoteza si takataka. Kuna fainali unapoteza na tofauti yenu ni kama kucha.

Uliza watu wa Indiana

Jumatatu, Juni 23, 2025, saa tisa usiku kwa saa zetu, Indiana Pacers na Oklahoma City Thunder walikuwa mechi ya saba. Indiana hawakuwa wamefika fainali tangu 2000, na hawajawahi kubeba NBA hata mara moja. Mechi ya kwanza ya huo msururu Tyrese Haliburton alikuwa ameimaliza na sekunde 0.3 kwa saa, 111-110. Hiyo ndiyo aina ya timu walikuwa.

Kwa mechi ya saba Haliburton aliingia akiwa na jeraha la shavu la mguu. Robo ya kwanza akafunga pointi 9 haraka haraka, halafu akaanguka. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika. Bila yeye, Indiana bado waliongoza 48-47 wakati wa mapumziko. Robo ya tatu wakazidiwa, na mwisho ukawa 103-91.

Sasa niambie, huo msururu ulisema nini? Ulisema Oklahoma walikuwa wazito, na walikuwa kweli. Ulisema pia mwili una mwisho. Basketi hairuhusu sare, lazima mmoja aende nyumbani.

Chunga mdomo wako: tu ama wa?

Hapa ndipo shabiki hujulikana. Mwaka wa 1976, Robert Cialdini, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo na timu zao za futaa ya kule. Timu ya chuo ikishinda, wanafunzi walivaa nguo za chuo zaidi Jumatatu iliyofuata. Na walipoulizwa kuhusu mechi, ushindi ulikuwa “sisi” zaidi kuliko kipigo.

Kwa Kiswahili hii kitu ni rahisi kuisikia, juu iko hapo mwanzo wa neno. Skiza mbogi yako. Timu ikishinda: tumeshinda, tumewalima, tuko juu. Ikipoteza: wamepoteza, walicheza vibaya, hawana kochi. Herufi mbili tu, na msee amehama timu bila kuhama keja. Hakuna ubaya wa kujikinga, binadamu ni binadamu. Lakini ukihama kila wakipigwa, siku ya kombe utakuwa unasherehekea kitu hukulipia.

Na tusidanganyane, kuna uchungu mwingine huvaa jezi ya timu na si ya timu. Kama uliweka doo kwa mkeka na mkeka ukachanika, hiyo ni rent unalilia, si basketi. Tenganisha hizo mbili. Timu inaweza kurudi msimu ujao. Rent haingoji msimu, na caretaker hajui Haliburton ni nani. Ukianza kutafuta mkeka wa kurudisha ile ya jana, simamisha hapo. Ongea na msee unayemuamini kabla shimo lizidi.

Kipigo ni darasa, kama utabaki darasani

San Antonio Spurs, 2013. Mechi ya sita, wako mbele kwa pointi 5, zimebaki sekunde 28, na wakishinda ni mabingwa. Ray Allen wa Miami Heat akapiga ya pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 5.2, ikawa 95-95. Spurs wakapoteza kwa muda wa ziada, wakapoteza na ya saba. Mwaka uliofuata walirudi fainali, wakakutana na Heat hao hao, wakawalima 4-1.

Hiyo ni mbali? Basi rudi nyumbani. Julai 2019, Kenya Morans walifika fainali ya AfroCAN kule Bamako, wakalimwa na Congo 82-61. Mechi moja tu, si msururu, lakini pointi 21 si mchezo. Wengi walisema “wamepoteza” wakaendelea na maisha. Februari 2021, Yaoundé, Morans hao hao wakakutana na Angola, ambao wakati huo walikuwa wamebeba Afrika mara 11. Tylor Ongwae akapiga ya mwisho saa ikiisha: 74-73. Wakiwa chini ya kochi Liz Mills, Kenya ikaenda AfroBasket Kigali mwaka huo huo, mara ya kwanza tangu 1993. Ghafla mtaa mzima ukawa “tumeshinda.”

Wale waliobaki kwa “tu” tangu Bamako ndio walijua ile shuti ilikuwa na uzito gani. Wengine waliona video ya sekunde kumi.

Kwa hivyo ufanye nini? Lala kwanza, hakuna uchambuzi mzuri unafanywa na mtu hajalala. Ukiamka, tazama tena mechi ile ilikuuma zaidi, pole pole, uone timu ilikatikia wapi. Ni ribaundi? Ni mipira ya kupoteza? Ni benchi kukosa pumzi? Ukiweza kutaja kitu kimoja, umeacha kuomboleza, umeanza kuelewa basketi.

Halafu wikendi ligi ikiwa inachezwa gym ya Nyayo, panda mat uende. Hapo hutangoja saa tisa usiku. Utakaa karibu na mstari hadi uskie viatu vikilia kwa sakafu, na timu ya mtaani ikipigwa utaona sura za wachezaji wakitoka. Jaribu kusema “wamepoteza” ukiwa hapo, mita mbili kutoka kwao.