Mwalimu Naye Hufunzwa: Cheti Kimoja kwa Jambo Moja

Kila tunapokaa na kina mama wa Gazi, suala la chekechea halikosi. Mzazi mmoja alituuliza, "Nalipa karo, mbona mtoto anacheza na vifuu tu?" Swali hilo ni la haki, nasi tulijibu.

Wengi wetu tulisomeshwa kwa kukariri. Mwalimu anasema, watoto wanaitikia. Mtoto anaimba moja mpaka kumi, lakini ukimwambia alete vifuu saba, anababaika. Mafunzo ya kumweka mtoto katikati ni kumpa avihesabu mwenyewe, akosee, aulizwe, arudie. Watoto wakubwa nao wapelekwe kwenye lile daraja la mbao la kina mama, ndani ya mikoko. Mbona mizizi ya mchu inachomoza juu kama penseli? Waache wabishane kwanza. Ndipo mwalimu aeleze kuwa tope halina hewa, na mti unapumua kwa mizizi hiyo.

Kufundisha hivyo ni kazi. Tangu Januari 2019 mtaala mpya wa umilisi unataka hivyo nchi nzima, lakini mwalimu habadiliki kwa semina ya siku moja.

Pwani yetu ina mfano mzuri. Mwaka 1986, Mombasa, Bi Swafiya Said alianza kazi ya chekechea za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation. Wanawake wa vijijini walifunzwa kidogo, wakarudi darasani, na wakufunzi wakawafuata huko huko kuwatazama na kuwashauri. Vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya kijijini, na kamati ya kijiji ilishika usimamizi. Kazi hiyo ilifika Zanzibar na Uganda, shule zikapita 200.

Siku hizi utaratibu wa namna hii hutolewa kwa vyeti vidogo vidogo. Huenda hivi:

1. Mwalimu anajifunza jambo moja tu, kwa mfano kuuliza maswali yasiyo ya "ndiyo" au "hapana".
2. Analijaribu na watoto wake kwa wiki kadhaa.
3. Mkufunzi au mwalimu mwenzake anakaa nyuma ya darasa, anatazama, kisha wanazungumza.
4. Analeta ushahidi: kazi za watoto na vifaa alivyotengeneza. Hapo ndipo anapewa cheti cha jambo hilo, na anaendelea na jingine.

Gharama nayo tusiifiche. Mwaka 2021 tume ya kuajiri walimu, TSC, ilipozindua mafunzo yake ya moduli, walimu walitakiwa kujilipia shilingi 6,000 kwa mwaka, na vyama vyao vikalalamika. Mwalimu wa chekechea anayelipwa na wazazi atazitoa wapi?

Hapo ndipo kikundi kinaingia. Mapato ya Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013, yamewahi kununua vitabu vya shule. Ni jambo jema. Lakini kitabu kinahitaji mwalimu wa kukifungua vizuri. Kikundi kinaweza kumlipia nauli, kukusanya vifuu na makombe, na kumtuma mwanachama mmoja akatazame somo.

Kabla ya kutoa pesa, ulizeni: Cheti hiki kinatambuliwa na nani? Kuna mtu atakayekuja darasani? Kama cheti kinatolewa kwa kukaa kitini tu, hiyo ni karatasi.

Yule mzazi tulimwomba akakae darasani asubuhi moja. Alimkuta mwanawe akigawa vifuu kumi na viwili kwa wenzake watatu, kila mmoja vinne. Karo hajaiuliza tena. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadili kikundini
- Mara ya mwisho kuingia darasani mwa mtoto wako ilikuwa lini? Uliona nini?
- Mwalimu wetu anahitaji kujifunza jambo gani kwanza?
- Sisi tutachangia nini, na nani atafuatilia?