Namba za Bastola Kongwe

Mwaka 1893 fundi Hugo Borchardt alitoa bastola ijipakiayo yenyewe: mshindo wa risasi hurudisha chuma nyuma, ganda hutupwa nje, na risasi nyingine huingia mahali pake. Lakini ilikuwa kubwa mno mkononi. Georg Luger akaitengeneza upya. Jeshi la Uswisi likaichagua mwaka 1900, na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908.

Leo wakusanyao bastola za Luger hutazama kwanza namba zilizogongwa juu ya vipande vyake. Zikilingana, thamani hupanda. Zikitofautiana, huenda vipande vimebadilishwa. Mwenye kuisugua kwa msasa ili ing'are hufuta alama hizo, naye hupunguza mali yake kwa mkono wake mwenyewe.