Saa ya Kwanza ya Mgonjwa wa Kisukari na wa Selimundu

Dharura za kisukari na za magonjwa ya damu hufanana mno na mambo mengine, na humo ndimo ilimo hatari yake. Mtu aliyeshukiwa na sukari huyumba na kuropoka mithili ya mlevi. Mtoto ambaye sukari imempanda hadi damu yake ikawa na asidi hutapika, hulalamikia tumbo na kuhema, akadhaniwa ana malaria au nimonia. Kijana wa selimundu anayejipinda kwa maumivu hana jeraha wala uvimbe wa kumwonyesha daktari, basi huambiwa anajidekeza. Matibabu ya mwanzo ya hali hizi, kwa sehemu kubwa, ni ya gharama ndogo. Kinachogharimu maisha ni saa zinazopita kabla ya mtu kutambua anachokitazama.

Kushuka kwa sukari ndiko kunakokwenda kasi zaidi. Ubongo hauna ghala la sukari la kutosha. Hutegemea ile inayoletwa na damu dakika kwa dakika. Kipimo kikisoma chini ya milimoli 3.9 kwa lita, ambazo ni miligramu 70 kwa desilita katika mashine za aina nyingine, mwili hutoa tahadhari: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Chini ya 3.0 ubongo wenyewe huanza kukosa chakula chake, na hapo mgonjwa huwa mkali bila sababu, hushindwa kutaja jina la mwanawe, hupata degedege au huzimia. Aliyeishi na kisukari miaka mingi anaweza asiipate kabisa ile tahadhari ya mwanzo, akaanguka ghafla ilhali muda mfupi uliopita alikuwa akizungumza vizuri. Huyo ndiye wa kuchungwa kuliko wote.

Mara nyingi chanzo hujulikana kikiulizwa: sindano ya insulini imechomwa na chakula kikachelewa, kazi ya shamba imekuwa nzito kuliko kawaida, pombe imenywewa tumbo likiwa tupu, au mzee ambaye figo zake zimedhoofu ameendelea na kipimo kilekile cha vidonge vya glibenklamidi. Malaria kali nayo hushusha sukari, hasa kwa watoto na wajawazito, na dawa ya kwinini huizidisha hali hiyo. Ndiyo maana kila aliyepoteza fahamu, awe anajulikana kuwa na kisukari au la, hupimwa sukari kabla ya mambo mengine mengi. Ni tone moja la damu na sekunde chache tu.

Mgonjwa anayeweza kumeza hupewa gramu 15 za sukari inayofika haraka kwenye damu: vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari iliyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Chokoleti haifai hapa kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kupita. Baada ya dakika 15 hupimwa tena, na kama bado iko chini hupewa kiasi kilekile. Ikishapanda ndipo chakula cha kushiba kinapofuata. Pasipo na kifaa cha kupimia, mgonjwa wa kisukari aliyechanganyikiwa na anayeweza kumeza hupewa sukari hivyo hivyo; ikiwa sukari yake ilikuwa juu, kijiko kile kitaongeza kidogo sana, lakini ikiwa ilikuwa chini, kungoja kungemuumiza ubongo.

Aliyezimia hanyweshwi chochote, kwani kinywaji huingia mapafuni. Hulazwa ubavu, njia ya hewa ikaachwa wazi, akakimbizwa hospitali, ambako hutundikiwa dripu ya dekstrosi au kuchomwa sindano ya glukagoni. Kosa moja hujirudia hapa: mgonjwa huzinduka, hucheka, hurudishwa nyumbani. Kama alikuwa ametumia glibenklamidi, dawa hiyo huendelea kufanya kazi kwa saa nyingi na sukari inaweza kuporomoka tena usiku, wakati watu wote wamelala. Mgonjwa wa namna hiyo hulazwa na kupimwa mara kwa mara.

Katika miji ya pwani na visiwani suala hili huzuka kila Ramadhani. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na saumu inasema mgonjwa afungue mara moja sukari ikiwa chini ya 3.9 au ikizidi 16.6, hata magharibi ikiwa imekaribia. Wanazuoni wengi wamekubali pia kwamba kutoboa kidole ili kupima hakubatilishi saumu, jambo ambalo bado linafaa kutangazwa misikitini, maana wapo wanaoacha kupima mchana kutwa kwa kuhofia funga yao.

Upande wa pili ni sukari kupanda hadi mwili ukajaa ketoni. Insulini ikikosekana, sukari hubaki kwenye damu bila kuingia kwenye seli, na mwili unaosikia njaa huanza kuchoma mafuta. Mabaki ya mafuta hayo ndiyo asidi inayoitwa ketoni. Mgonjwa hukojoa sana, hushikwa na kiu isiyokatika, hukonda, kisha hutapika na kuumwa tumbo. Pumzi yake huwa ya kina na ya haraka, yenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliieleza pumzi hiyo mwaka 1874, wakati ambapo aliyefikia hali hiyo hakuwa na tumaini. Insulini ilipoanza kutumiwa kwa binadamu mjini Toronto, Januari 1922, mgonjwa wa kwanza alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, naye aliishi miaka 13 zaidi.

Leo hali hiyo inatibika, ila kwa mpangilio. Maji ya chumvi ya dripu hutangulia, kwa sababu mgonjwa amekauka. Potasiamu hupimwa kabla ya insulini, kwani insulini huisukuma potasiamu ndani ya seli, na ikiwa tayari iko chini, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika na hata kusimama. Insulini hufuata polepole, kwa kawaida uniti 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Kwa watoto uangalifu huongezwa, kwa kuwa ubongo wao unaweza kuvimba katikati ya matibabu. Chanzo kikubwa cha ketoni kujaa, nyumbani, ni imani kwamba asiyekula asichome insulini. Mwili unaougua huhitaji insulini, pengine kuliko siku za kawaida. Anayeishi kwa sindano haiachi kabisa, bali hupima mara nyingi zaidi, hunywa maji na huwahi kituoni akianza kutapika. Wazee wenye kisukari cha aina ya pili huweza kupatwa na hali nyingine, sukari ikapita 33 bila ketoni nyingi. Wao hukauka taratibu kwa siku kadhaa na kuonekana wamechoka tu.

Selimundu, ambayo mitaani huitwa sikoseli, inaigusa Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia. Tanzania peke yake hukadiriwa kuwa na watoto takribani 11,000 wanaozaliwa nayo kila mwaka. Seli nyekundu za damu, zikikosa oksijeni ya kutosha, hupinda na kukakamaa, zikaziba mishipa midogo. Palipoziba huuma, na maumivu hayo huweza kuwa makali kama ya mfupa uliovunjika. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unataka dawa ya kwanza ya maumivu itolewe ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike, kisha ahojiwe upya kila baada ya nusu saa hadi saa moja. Ikihitajika morfini, ipewe. Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha kiasi cha maumivu. Neno la mgonjwa ndilo kipimo, na kumdhania mraibu ni dhuluma.

Hata hivyo si maumivu yanayoua zaidi watoto wadogo. Bandama zao huharibika mapema, wakapoteza kinga dhidi ya vijidudu kama nimokoka, hivyo homa ya nyuzi 38.5 au zaidi ni dharura inayotaka antibiotiki siku hiyo hiyo, bila kungoja majibu yote. Wakati mwingine damu hunasa ndani ya bandama, tumbo la kushoto likavimba, mtoto akapauka na kulegea ndani ya saa chache. Mama aliyefundishwa kliniki kupapasa bandama ya mwanawe huliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, na anastahili kusikilizwa anaposema imekua. Damu ya kuongezewa hapo hutolewa kidogo kidogo, maana bandama ikiachia, ile iliyonaswa hurudi mwilini. Kifua kuuma pamoja na homa na pumzi fupi, mkono au mguu kulegea ghafla, uume uliosimama kwa maumivu zaidi ya saa nne: hizo nazo hazingoji kesho. Kijana wa kiume mara nyingi huificha hiyo ya mwisho kwa aibu hadi madhara yawe ya kudumu, kwa hiyo wazazi na wauguzi humtajia mapema, kabla haijamtokea.

Dharura hizo zinaweza kupunguzwa. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea inayomezwa kila siku hupunguza maumivu, hitaji la damu, malaria na vifo kwa watoto.

Himofilia ni nadra zaidi na kanuni yake ni fupi: mwenye himofilia aliyegonga kichwa hupewa kwanza protini ya kugandisha damu anayopungukiwa nayo, picha ya kichwa ifuate baadaye. Hapewi aspirini, wala hachomwi sindano kwenye msuli.

Wapo pia wenye selimundu na kisukari kwa pamoja, na kwao kipimo cha sukari ya miezi mitatu hudanganya. Kipimo hicho husoma sukari iliyojishika kwenye seli nyekundu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Za selimundu huishi siku 10 hadi 20, zikafa kabla hazijakusanya sukari ya kutosha, na jibu likasomeka zuri kuliko hali ilivyo. Mgonjwa huyo hufuatiliwa kwa kutoboa kidole mara kwa mara. Sukari yake ikipanda na kumkausha maji, ukavu huo unaweza kuamsha maumivu ya selimundu. Kadi yake ya kliniki huandikwa magonjwa yote mawili, dawa na vipimo vyake, kundi la damu na mara ya mwisho alipoongezewa, nayo hutolewa dirishani kabla hajaulizwa kinachomsumbua.